Nguo ya Kuazima: Jukwaa la Kisinhala na Jamii Inayogeuka

Katika Mahavamsa, kitabu cha kale cha historia ya Sri Lanka kilichoandikwa na watawa wa Kibudha, kuna kisa cha mfalme aliyependa mzaha. Mfalme huyo, Yasalalaka Tissa, alikuwa na bawabu aitwaye Subha, na sura zao zilifanana kama shilingi kwa ya pili. Basi mfalme akawa anamvisha bawabu mavazi ya kifalme, anamkalisha kwenye kiti cha enzi, halafu yeye mwenyewe anashika fimbo na kusimama mlangoni. Mawaziri wakiingia wanamsujudia bawabu. Mfalme kule mlangoni hana mbavu. Siku moja alipoangua kicheko, Subha akauliza kutoka kitini: huyu bawabu anachekaje mbele yangu? Akaamuru auawe. Akauawa, na bawabu akatawala miaka 6.

Mwaka 1974 mwandishi Simon Navagattegama alikipandisha kisa hicho jukwaani kwa jina la Suba saha Yasa, yaani Suba na Yasa. Kitabuni ni kichekesho cha ikulu. Kwa aliyekitazama Colombo mwaka ule kicheko kilikuwa kinakwama kooni. Miaka 3 nyuma yake, Aprili 1971, maelfu ya vijana wa vijijini, wengi wao wamesoma na hawana kazi, walijaribu kuipindua serikali wakapondwa vibaya. Mtu aliyempoteza mdogo wake katika vurugu zile, akikaa kwenye kiti chake cha bei rahisi nyuma kabisa, alisikia swali lisilotamkwa na mwigizaji yeyote: bawabu akikalia kiti cha enzi, kinachobadilika ni kiti au ni bawabu?

Wahenga wetu wanasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Ya Subha ilisitiri miaka 6. Na kwa takriban miaka 70 sasa tamthilia ya Kisinhala, lugha ya Wasinhala walio wengi kisiwani, imekuwa ikiisema jamii yake huku imevaa nguo za kuazima: ama za wafalme wa kale, ama za wageni, waandishi wa tamthilia wa Ulaya akina Brecht, Sartre na Euripides. Ubishi juu ya nguo hizo haujaisha. Wapo wanaoona ni namna ya kulikwepa jambo, kwamba msanii anayemsema mfalme wa miaka 2000 iliyopita amejipa likizo ya kumsema waziri wa leo. Wapo wanaosema bila nguo hizo jukwaa lingeshafungwa zamani, au lingebaki kuwa jarida la habari lenye taa na pazia. Mimi naelekea upande huu wa pili, ingawa si kwa moyo mweupe.

Tuanze na tarehe 3 Novemba 1956, ukumbi wa Lionel Wendt, Colombo. Ukumbi huo ulikuwa wa wasemaji wa Kiingereza: mawakili, madaktari, mabibi waliovaa lulu, waliozoea kuja kutazama michezo ya Kiingereza. Usiku ule walioingia waliona jukwaa tupu. Hakuna pazia lililochorwa msitu, hakuna meza wala kiti. Akatoka msimulizi, Pothe Gura, akaimba kueleza nani anakuja na kwa nini. Kisha wakaingia waigizaji kwa hatua za ngoma, wakizunguka jukwaa mara moja, na mzunguko huo ndio safari ya siku nyingi porini. Mchezo uliitwa Maname. Aliyeutunga ni Ediriweera Sarachchandra, mwalimu wa chuo kikuu cha Peradeniya, na waigizaji walikuwa wanafunzi. Mwaka uliotangulia alikuwa Japani akitazama kabuki, tamthilia ya jadi ya huko, akaona taifa la kisasa lisiloionea haya sanaa yake ya zamani. Aliporudi alimwendea fundi wa nadagam, mchezo wa kijijini wa kuimba na kucheza, Charles Silva Gunasinghe, mchezaji wa kijijini kusini mwa kisiwa, wakakaa pamoja kupanga nyimbo na hatua.

Kisa chenyewe kimetoka katika hadithi za Jataka, visa vya Kibudha vya maisha ya awali ya Budha. Mwanamfalme amemaliza masomo, kapewa binti wa mwalimu wake awe mke, wanarudi kwao kupitia msituni. Wanakutana na mfalme wa Waveda, watu wa porini, naye anamtaka binti. Wanapigana. Mwanamfalme anambwaga mpinzani chini, anamkalia, ananyoosha mkono nyuma: nipe upanga. Hapa ndipo penye kazi ya Sarachchandra. Katika hadithi ya kale, mwanamke anautoa upanga huku mpini ukielekea kwa mpinzani, ambaye humo ni jambazi. Ni mwovu, basi. Fundisho ni kwamba wanawake si wa kuaminiwa. Katika Maname anasita. Anamwombea yule aliye chini: huyu alikuwa na jeshi zima akaliacha, akaja kupigana nawe peke yake, kwa haki, mwachie. Mume anashangaa, mkono unalegea, na kufumba na kufumbua aliyekuwa chini yuko juu.

Nani kamuua mwanamfalme? Ukiitazama sura ile kwa utulivu unaona Sarachchandra hakumtetea mwanamke wala hakumshitaki. Kaichukua hukumu iliyokaa tayari karne nyingi kaigeuza kuwa swali. Na swali hilo aliliuliza kwa mwili wa msichana wa chuo kikuu, akiimba mbele ya watu, katika sanaa ambayo kwa desturi wanaume ndio walioigiza sehemu za wanawake. Zamu ya binti ilishikwa na wasichana wawili kwa kupokezana. Wazazi waliokaa ukumbini walikuwa na mabinti wa umri uleule, waliokuwa wakiingia vyuoni kwa mara ya kwanza katika ukoo. Mimi sijui njia ya wazi ambayo mwaka 1956 ingewafikisha pale walipofika kwa njia hii ya mzunguko. Mchezo wa sebuleni juu ya mke anayesitasita kati ya wanaume wawili ungezua kashfa kwa wiki moja, kisha ukasahaulika.

Lakini mwaka 1956 haukuwa mwaka wa kawaida. Aprili ile S.W.R.D. Bandaranaike alishinda uchaguzi kwa ahadi ya kuifanya Kisinhala lugha ya serikali, na Juni sheria ikapita: Kisinhala pekee. Watamil, jamii ya wachache yenye lugha yake, waliokuwa na watu wengi katika ofisi za serikali, wakaona mlango unafungwa. Ni mwaka huohuo ambao Wabudha waliadhimisha miaka 2500 ya kufariki kwa Budha. Maname ikatua katikati ya shamrashamra hizo na ikapokewa kama ushahidi kwamba Wasinhala wana sanaa yao wenyewe, safi, isiyokopwa kwa mtu.

Isiyokopwa? Nadagam ilifika kwa Wasinhala kupitia Watamil wa Kikatoliki wa pwani, na muziki wake una damu ya kusini mwa India. Ni ndugu wa kuuttu, mchezo wa ngoma wa Watamil wa Jaffna na Batticaloa. Mswahili anayejua taarabu ilikotoka hawezi kushangaa. Sanaa nyingi zinazoitwa za jadi zimekuja na jahazi. Kinachouma hapa ni wakati. Sanaa ya asili ya Kitamil ilivishwa beji ya Usinhala mwaka uleule ambao lugha ya Kitamil ilitolewa ofisini. Sarachchandra mwenyewe alikuwa amechunguza na kuandika juu ya asili ya michezo ya kijijini kabla ya kuitunga Maname, kwa hiyo siri haikuwa siri. Waliosahau ni wapiga makofi. Na katika miaka ya 1960, palepale Peradeniya, Profesa S. Vithiananthan alikuwa akiifufua kuuttu ya Kitamil kwa njia zilezile, na wanafunzi wake wakacheza Ravanesan, kisa cha Ravana, mfalme wa Lanka katika utenzi wa Ramayana. Kilima kimoja, chuo kimoja, ngoma mbili za ukoo mmoja, na hadhira mbili ambazo kila mwaka zilizidi kutopeana salamu.

Hili ndilo doa la kwanza, na wakosoaji wana haki nalo. Nguo ya mfalme wa kale inasitiri mengi, lakini mfalme huyo daima ni wa kabila moja.

Wapinzani wa kwanza, hata hivyo, hawakuja na hoja ya Watamil. Walikuja na hoja ya chumba cha kupanga. Mwaka 1962 Sugathapala de Silva, mtu wa mjini ambaye hakuwa wa kundi la wasomi wa Peradeniya, pamoja na kikundi chake cha Ape Kattiya, maana yake "kikundi chetu", walileta Boarding Karayo. Wahusika ni vijana wanaokaa nyumba ya kupanga Colombo: makarani, watu wa mishahara inayoisha tarehe 15. Hakuna ngoma, hakuna kuimba. Wanavaa suruali na sarong kama waliokaa kwenye viti wakiwatazama. Miaka 2 baadaye ikafuata Thattu Geval, juu ya maisha ya ghorofani, na 1972 Dunna Dunu Gamuwe, ambamo mgomo wa wafanyakazi unaingia jukwaani.

Asiyejua Kisinhala anaweza asione ukubwa wa jambo hilo. Kisinhala kina ndimi mbili. Kile cha kuandika kina kanuni zake, kitenzi kinabadilika kufuata mtenda. Kile cha kusema hakina habari na hayo. Pengo ni kubwa kiasi kwamba mtu hawezi kuongea kama kitabu bila kuonekana anahutubia. Mwanamfalme wa Maname anaimba kwa lugha iliyopanda juu. Wapangaji wa Sugathapala walizungumza kama watu wa kituo cha basi, na hadhira ikasikia sauti ya jikoni kwao ikitoka jukwaani. Kwangu mimi hilo lilikuwa badiliko kubwa kuliko kisa chochote kilichosimuliwa. Hoja ya Ape Kattiya ilikuwa nyepesi kuisema na ngumu kuijibu: nchi inahamia mjini, watu wanalala wanne chumba kimoja, nyinyi mnatuimbia habari za simba.

Habari za simba, basi. Mwaka 1961 Sarachchandra alikuwa ametoa Sinhabahu katika ukumbi wa wazi wa Peradeniya, ule ambao wanafunzi wanauita Wala, yaani shimo: ngazi za kukalia zimeshuka kwenye mteremko, miti juu, na hadhira isiyo na huruma inayozomea mwigizaji asiyejiweza. Kisa ni cha asili ya Wasinhala wenyewe. Binti wa mfalme kazaa na simba. Mtoto wa kiume, Sinhabahu, anakua pangoni, anaona aibu, anawatorosha mama na dada kwenda kwa wanadamu. Simba anazunguka vijiji akitafuta wanawe, anaharibu kila kitu. Mwana anatoka na upinde kumuua. Mshale wa kwanza unamgonga simba usoni unaanguka chini, kwa sababu simba amemwona mwanawe na moyo wake umejaa mapenzi, na mapenzi ni ngao. Wa pili hivyohivyo. Mpaka hasira inapomwingia baba ndipo mshale unapopenya.

Nani alikuwa kwenye ngazi za Wala? Vijana wa elimu ya bure iliyoanza miaka ya 1940, watoto wa wakulima wa mpunga, ambao baba zao hawakuwahi kuvuka wilaya. Wamepanda treni wamekuja kusoma, na kila likizo wanaporudi wanaona baba amekuwa mdogo kidogo. Mwana anayelionea aibu pango alilozaliwa: kuna mchezo gani wa vyumba vya kupanga uliowasema vijana hao kwa ukaribu zaidi? Naona Ape Kattiya walikuwa sahihi kwamba jukwaa limewasahau makarani. Hawakuwa sahihi kudhani simba ni simba tu.

Henry Jayasena ndiye aliyekaa katikati, na huenda ndiyo maana watu wa pande zote mbili humpenda. Mwaka 1963 aliandika Kuveni, akimpa nafasi ya kusikika yule malkia wa kienyeji ambaye Vijaya, babu wa Wasinhala, alizaa naye kisha akamfukuza ili aoe binti wa kifalme kutoka India. Mwaka 1967 akaja na Hunuwataye Kathawa, ile duara ya chaki ya Brecht, na mwenyewe akacheza jaji mlevi. Mwaka 1968 akavua nguo zote za kuazima akaandika Apata Puthe Magak Nethe, ambayo kwa Kiswahili ningeiita "Mwanangu, hatuna njia". Kijana kasoma, kazi hakuna, wazazi hawana la kumwambia. Miaka 3 baadaye vijana wa namna hiyo wakashika bunduki. Hakuna mtu anayeweza kudai kwamba jukwaa halikuonya, tena bila fumbo lolote.

Sasa angalia kilichodumu. Hunuwataye Kathawa imechezwa mara nyingi sana kwa miongo, imeingia madarasani, na watu wazima wanakumbuka nyimbo zake. Ile iliyosema wazi inakumbukwa zaidi kwa jina lake. Watetezi wa fumbo hulitumia hilo kama ushindi: kinachosema ya leo kinakufa na leo. Mimi nasita. Kufa si dhambi kwa mchezo wa kuigiza. Kama Apata Puthe Magak Nethe iliwafikia watu wa 1968 ilifanya kazi yake. Mwandishi wa jukwaa si lazima awe mjenzi wa makaburi.

Kuna jambo la sheria ambalo wakosoaji hulipita mbiombio. Sheria ya maonyesho ya hadhara ya 1912, ya enzi ya Waingereza, inataka mswada upelekwe kwa bodi kabla ya mchezo kuonyeshwa. Bodi ndiyo inayotoa kibali au kukinyima. Waingereza waliondoka 1948, sheria ikabaki, na serikali za rangi zote zikaiona inafaa. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataligundua; lakini mkaguzi mwerevu naye ana shida yake. Akiukata mstari unaomsema mfalme mkatili wa miaka 2000 iliyopita, lazima aeleze kwa nini, na maelezo hayo ni kukiri kwamba amemwona bosi wake ndani ya lile joho.

Na kuna ushahidi mwingine, wa kusikitisha, kutoka kwa Sarachchandra mwenyewe. Miaka 25 aliandika wafalme na simba, akaheshimiwa na kila mtu. Serikali ya J.R. Jayewardene ilipoingia 1977 ilifungua uchumi na kuahidi "jamii ya haki", dharmishta samajaya. Bidhaa zikajaa, televisheni ikaingia, pesa ikawa ndiyo hadithi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mzee akaandika kitabu cha nathari ya wazi, akakipa jina lilelile la Dharmishta Samajaya, akieleza namna tamaa ya mali ilivyoiharibu jamii. Bila mfalme, bila simba. Alipokwenda kuzungumza katika mkutano wa hadhara, wahuni walimvamia wakampiga. Profesa wa umri wa karibu miaka 70. Anayewaita waandishi wa mafumbo waoga aikumbuke siku hiyo kabla hajamaliza sentensi.

Hata hivyo miaka iliyofuata ndiyo iliyolijaribu fumbo kweli. Julai 1983 magenge ya Wasinhala yalipita mitaa ya Colombo yakichoma maduka na nyumba za Watamil, wengine wakiwa na orodha za wapiga kura mkononi ili wasikosee mlango. Vita kati ya serikali na waasi wa Kitamil, Tigers, vikaanza, vikadumu hadi Mei 2009. Katikati yake, 1987 hadi 1989, Wasinhala kwa Wasinhala wakachinjana tena, uasi mwingine wa vijana na ukandamizaji mwingine. Jukwaani Dharmasiri Bandaranayake akaleta Makarakshaya mwaka 1985, kutoka kwa mchezo wa Mrusi Evgeny Schwartz. Mji umezoea zimwi linalopewa kila mwaka msichana mmoja. Shujaa akitokea kulipiga, wenyeji wanamwona yeye ndiye msumbufu. Zimwi linauawa, na meya anajitangazia ushindi na kukalia nafasi yake. Baadaye Bandaranayake akageukia Sartre, Brecht, na mwishoni mwa miaka ya 1990 Wanawake wa Troya wa Euripides, mchezo wa 415 kabla ya Kristo, akautia katika kinywa cha Kisinhala wakati majeneza yanarudi kutoka kaskazini.

Hapa hoja ya wakosoaji ina uzito wake wote. Zimwi halina anwani. Halina orodha ya wapiga kura mkononi. Mtu aliyesimama 1983 kwenye kizingiti chake akatazama duka la jirani likiungua bila kusema neno anaweza kwenda kuitazama Makarakshaya, akapiga makofi, akarudi nyumbani akiamini zimwi ni rais, au ni jeshi, au ni vijana wenye bunduki. Nguo ya kuazima imemsitiri yeye, siyo msanii.

Ila tuutendee haki mchezo. Schwartz hakuwa mjinga, na mwisho wa kisa chake shujaa anarudi na kusema kazi iliyobaki ni ndogondogo na ya kuchosha: zimwi liko ndani ya kila mmoja wao na itabidi liuawe humo. Mistari hiyo ilikuwepo kwa mwenye masikio. Na Wanawake wa Troya ilifanya jambo ambalo kisa cha kienyeji kisingeweza wakati ule. Iliwaomba Wasinhala wawalilie wanawake wa upande ulioshindwa. Ukimweka mama wa Jaffna jukwaani mwaka 1999 na kusema huyu ni mama wa Jaffna, nusu ya ukumbi itatafuta kwanza kujua mwanawe alikuwa jeshi gani. Hekuba, malkia wa Troya, hana mtoto Tiger. Mtu analia kwanza, halafu akiwa kwenye basi usiku anajiuliza amemlilia nani.

Kwa hiyo mimi nahesabu hivi: mbele ya serikali, fumbo lilisaidia; mbele ya dhamiri ya mtazamaji, inategemea. Lakini yapo mambo ambayo nguo hizi hazijawahi kuyafunika wala kuyafunua, kwa sababu hazikukatwa kwa ajili ya miili hiyo. Wafanyakazi wa mashamba ya chai, Watamil wenye asili ya India waliovuliwa uraia tangu 1948, ni akina nani katika hadithi za Mahavamsa? Hawamo. Na Brecht hakuwaandikia. Tabaka la ukoo nalo ni hivyohivyo. Ngoma na vinyago vya kusini vilikuwa mikononi mwa watu wa ukoo wa wapiga ngoma, berava, ambao jamii iliwahitaji kwa matambiko na haikutaka kuwaoza binti zake. Sanaa za vijijini zilipopanda jukwaa la chuo zilipata heshima. Waliozimiliki hawakupanda nazo kwa kiasi hicho. Sijauona mchezo mkubwa wa jukwaa uliolikalia jambo hilo hadi likawasha.

Wapo waliojaribu kwenda uchi. Gamini Haththotuwegama, mwalimu wa Kiingereza, tangu 1974 alilitoa jukwaa nje kabisa: kikundi chake kilicheza barabarani, sokoni, popote palipo na watu waliosimama, na mavazi ya kila siku ndiyo maleba. Somalatha Subasinghe aliandika Vikurthi juu ya watoto wanaopindwa na mitihani na wazazi wanaotaka daktari kwa gharama yoyote, na mtu wa Nairobi au Dar aliyewahi kusimama mbele ya ubao wa matokeo hahitaji kufafanuliwa. Rajitha Dissanayake, wa kizazi cha baada yao, anaandika visa vyake mwenyewe vya watu wa leo, wa vyombo vya habari, siasa na sebule za mjini. Weeraya Merila, "Shujaa Amekufa", ni jina ambalo katika nchi iliyojaa mabango ya mashujaa wa vita halihitaji fumbo jingine. Na mwaka 2022, uchumi ulipoanguka na watu wakapiga kambi ufukweni Galle Face kumtaka Rais Gotabaya Rajapaksa aondoke, palikuwa na jukwaa la maigizo katikati ya mahema, na majina yalitajwa.

Wakati huohuo Maname na Sinhabahu zimeendelea kuchezwa, na zimekuwa kitu kingine. Ni vitabu vya shule. Wanafunzi wanaletwa kwa mabasi na sare, wanajua kila wimbo kabla haujaimbwa, na wazazi huwaleta watoto kama wanavyowapeleka kwenye hekalu. Binti anaposita na upanga, hakuna ukumbini asiyejua kitakachotokea wala anayeona aibu. Hili linanitia wasiwasi kuliko uoga wowote. Fumbo ambalo kila mtu ameshapewa jibu lake darasani halifumbi tena; limebaki vazi, zuri, lililopigwa pasi, halina mtu ndani.

Kilichonivuta mimi hivi karibuni ni hema. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Parakrama Niriella na H.A. Perera walianzisha Janakaraliya, kundi linalosafiri na ukumbi wake wa hema, lenye waigizaji Wasinhala na Watamil pamoja. Michezo yao ni ya kuazima kama ya wengine: kuna kisa cha mwizi mkweli kutoka India, kuna vya kale. Kwa macho ya Ape Kattiya hakuna jipya hapo. Ila mchezo mmoja huandaliwa kwa lugha zote mbili, na mwigizaji aliyekulia Kisinhala hujifunza mistari yake kwa Kitamil, na wa Kitamil kwa Kisinhala. Hema linasimamishwa katika mji. Usiku mmoja wanacheza kwa lugha hii, usiku mwingine kwa ile. Hadhira inabadilika mlangoni. Waigizaji ni walewale, na maleba ni yaleyale.